Gari Lililokataa Nyumbani

Gari liliwaka. Hiyo ilikuwa mara ya ishirini na tatu tangu asubuhi. Kila Konstebo Maina alipogeuza ufunguo, injini ilinguruma bila kusita, kana kwamba maishani mwake haijawahi kumkosea mtu. Sajenti Kageha alichora alama nyingine kwenye daftari lake na kutamani kulipiga teke.

"Zima. Ngoja dakika mbili, halafu washa tena."

"Afande, petroli itaisha."

"Ikiisha angalau tutaona likikataa."

Lilikuwa gari jeupe la familia, lenye umri wa miaka ishirini na minane na mlango mmoja wa rangi tofauti na mingine. Mwenyewe ni Mwalimu Osundwa wa Khayega, aliyefundisha hesabu hadi alipostaafu, akajifunza kuendesha uzeeni, tena kwa gari hilo hilo. Siku kumi zilizopita, Jumanne saa tatu asubuhi, mke wake Pascalia alishikwa na pumu kwa namna ambayo dawa yake ya kuvuta haikusaidia. Mwalimu alimwingiza garini, akageuza ufunguo, gari likakaa kimya. Alijaribu kwa robo saa nzima huku mvua ikinyesha. Mwishowe walimpakia Pascalia kwenye boda boda, katikati ya dereva na mumewe. Alikata roho kabla ya kuiona barabara ya lami.

Kufikia Jumatano, Khayega nzima ilikuwa na jibu. Wiki moja kabla, gari lilikuwa limekaa kwa fundi Wesley Andati mchana kutwa, na fundi huyo na Mwalimu walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba uliofika hadi kwa chifu. Vijana walikwenda kuivunja gereji. Kageha alimtoa Wesley kwa mlango wa nyuma akiwa na kiatu kimoja. Kisha akafungua boneti ya gari, akauona waya wa stata, ule unaopeleka umeme wa kuwasha injini, umefungwa tepu mpya, akaandika kwenye ripoti yake: "Waya wa stata umechezewa."

Maneno manne tu. Hakimu aliyasoma, akawapa polisi ruhusa ya kumzuia Wesley hadi Jumatatu. Inspekta Kiprono aliyasoma pia, naye alitaka faili mezani leo Ijumaa saa kumi na moja jioni, tayari kwa mashtaka ya kusababisha kifo.

Tatizo la yale maneno manne lilikuwa hili hapa, linanguruma uani. Gari lilivutwa kwa kamba kutoka Khayega likiwa limekataa kata kata. Lilipofika kituoni likawaka mara ya kwanza, na waya wake ule ule, na tepu yake ile ile.

"Ishirini na nne," Maina alisema kupitia dirishani.

Kageha alifunga daftari na kwenda seli.

Wesley Andati alikuwa na miaka thelathini na sita, na mikono yake bado ilikuwa na grisi ambayo siku tisa za sabuni ya seli hazikuweza kuitoa. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Hakusimama.

"Umekuja kuuliza tena maneno ya mpaka?"

"Nimekuja kuuliza kuhusu gari."

"Siku tisa mmeniuliza kwa nini namchukia Mwalimu. Mnaniuliza niliteta aje, nilisema nini mbele ya chifu. Hakuna mtu ameniuliza gari, na mimi ni fundi wa magari."

Ilikuwa kweli, na Kageha ndiye aliyeongoza yale mahojiano. Alivuta kigoda, akaketi.

"Basi niulize wewe," alisema.

Wesley alifikiri kwanza kama ni mtego. Kisha ufundi ukamshinda.

"Siku hiyo alipogeuza ufunguo, taa za dashibodi ziliwaka?"

"Ziliwaka. Na honi ililia. Aliipiga kuita majirani."

"Taa zilififia?"

"Hapana. Mashahidi watatu wanasema zilikuwa kali."

"Na stata ilifanya tik?"

"Kimya kabisa."

"Basi hiyo si betri. Betri ikichoka, taa zinalala ukigeuza ufunguo. Na si stata, kwa sababu hata stata mbovu inagonganga tik kidogo. Moto wa umeme haukufika kwa stata. Kuna mahali ulizuiwa njiani."

"Kwa ule waya ulioufunga tepu."

"Panya walikuwa wamekula plastiki, nikafunga. Ungekuwa umekatika, hiyo gari ingekuwa inawaka hapo nje? Naisikia toka asubuhi. Mmewasha mara ishirini na nne."

Kageha alitoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na kijitabu cha mazoezi ambacho Mwalimu alimpa Jumamosi. Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini haachi jambo lipite bila kuliandika. Kila mara gari lilipokataa, aliandika tarehe na mahali.

"Mwaka huu limekataa mara sita," alisema. "Mara tano nyumbani. Mara moja kanisani."

"Hilo kanisa liko wapi?"

"Juu kule, ile njia ya mawe."

"Mlima," Wesley alisema. "Na kwao pia ni mteremko mpaka mtoni. Kwa gereji yangu ni tambarare. Ilikaa kwangu siku nzima, ikawaka kila saa, nikamwambia Mwalimu hakuna kitu. Hapa kwenu pia ni tambarare." Aliinuka akaanza kutembea hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi, kwa kuwa seli haikuwa na ya nne. "Afande, hiyo ni auto, gia inajibadilisha yenyewe. Haiwezi kuwaka mpaka gia ikae P ya kuegesha, ama N, ile ya gia huru. Kuna swichi ndogo hapo kwa gia, hiyo ndio inaruhusu moto uende. Ikizeeka inakuwa na maringo, inataka gia ikae sawasawa. Sasa ukiegesha kwa mlima, gari yote inaning'inia kwa gia. Gia inavutwa kidogo tu, swichi inakataa."

"Lakini pale kwao liliegeshwa kila siku mwaka mzima. Lilikataa mara tano tu."

"Hapo ndio sijui."

Alisimama. Kisha akaketi tena, polepole kuliko alivyoinuka.

"Hendibreki yake ilikufa mwaka jana," alisema. "Aliniuliza kama ni lazima itengenezwe. Mimi ndiye nilimwambia inaweza kungoja, aweke tu jiwe nyuma ya gurudumu. Na nilimkataza asiwashe gia ikiwa N hata siku moja, kwa sababu pale kwao ingemteremsha mpaka mtoni."

"Siku ile angeweka N, lingewaka?"

Wesley alifunika uso kwa mikono yake. Kutoka uani Kageha alisikia gari likiwaka mara ya ishirini na tano, akatamani Maina aache.

"Jiwe likiwa hapo," Wesley alisema hatimaye, bila kuitoa mikono usoni, "gari inalalia jiwe. Jiwe likitoka, inalalia gia."

Aliposikia maneno yake mwenyewe aliinua kichwa. Kageha alikuwa tayari amesimama.

Kageha na Maina walifika Khayega saa saba mchana. Boma la Mwalimu Osundwa lilikuwa limejaa watu. Mwili wa Pascalia ulikuwa unaletwa jioni kutoka mochari, maziko yangekuwa kesho, na vijana walikuwa wanafunga hema huku mshereheshaji akijaribu vipaza sauti kwa kuhesabu moja hadi tatu bila kuchoka. Gari jeupe lilipoingia langoni, likiendeshwa na polisi, hata yeye alinyamaza. Mama mmoja aligeuza kiti chake ili asilione.

Mwalimu Osundwa alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha nyumba, suti ya kijivu, vifungo vyote vimefungwa. Kageha alimwamkia kwa mikono miwili.

"Umelileta kufanya nini hapa?"

"Kulifanyia mtihani, Mwalimu."

"Mtihani wa nini, na jibu mnalo?"

"Sina hakika na jibu langu."

Mzee aliangalia pembeni. Hakukataa, na Kageha akachukua hiyo kuwa ruhusa.

Mahali pa kuegesha palijulikana kwa macho. Palikuwa na alama za mafuta, njia mbili za magurudumu, na nyuma ya njia ya kulia kishimo cha ukubwa wa kichwa cha ng'ombe. Maina alipandisha gari mpaka pale, pua juu, akaweka P na kuachia breki. Gari lilirudi nyuma kidogo, likashikwa na gia kwa mshtuko, likaning'inia.

"Zima. Sasa washa."

Maina aligeuza ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka kali. Zaidi ya hapo hakuna kilichosikika ila mtoto aliyekuwa analia ndani ya nyumba.

"Tena."

Kimya. Maina alimtazama kwa macho makubwa. Watu walianza kuacha kamba za hema na kusogea.

"Kanyaga breki kwa nguvu. Weka N. Washa."

Injini ilinguruma. Mtu mmoja nyuma ya Kageha alisema jina la Yesu kwa sauti ya chini.

Aliwaomba vijana jiwe lolote zito. Waliliweka nyuma ya gurudumu, Maina akaachia breki hadi gari likaegemea jiwe, ndipo akaweka P na kuzima. Akawasha. Likawaka. Wakatoa jiwe, likakataa. Wakarudisha, likawaka. Kageha alirudia mtihani ule mara nne, mara mbili zaidi ya alivyohitaji, kwa sababu alitaka kila mtu aone, na kwa sababu kila mara lilipokataa, lile neno "umechezewa" lilizidi kumuuma.

Kijana mmoja wa boda boda, aliyevaa jaketi la kung'aa, aliuliza, "Kwa hivyo si waya?"

"Si waya."

Kijana alitazama chini. Kageha alimkumbuka vizuri. Alikuwa mstari wa mbele siku ya gereji.

Alirudi kibarazani. Mwalimu hakuwa ameondoka kitini, na rangi ya uso wake ilikuwa kama ya suti.

"Mwalimu, asubuhi ile, jiwe lilikuwa mahali pake?"

"Lilikuwa."

Alijibu haraka mno. Mtu anayekumbuka huchukua muda kidogo.

"Na sasa liko wapi?"

"Watu ni wengi hapa. Limesukumwa huko."

Kageha alikitoa kile kijitabu. Alikuwa nacho kwa siku sita. Alikuwa amekisoma kituoni chini ya taa mbovu, safu mbili, tarehe na mahali, akaona kimemtosha. Sasa, kwenye jua la kibarazani, aliona kilichokuwa kimemponyoka. Ukurasa ulikuwa na safu ya tatu. Ilifutwa kwa kifutio, kwa uangalifu wa mwalimu, lakini penseli iliyokandamizwa huacha mifereji. Aliinamisha ukurasa mpaka mwanga ukaupiga kwa upande. Penye Jumanne ile ya mwisho palikuwa pameandikwa *Were*. Juu yake *Wanjala*. Juu yake tena *mama Nasambu*.

Kageha alimfahamu Were, au tuseme aliifahamu turubai yake. Alizikwa katika boma la jirani Jumamosi, siku tatu kabla Pascalia hajafa, na Kageha alipokuja kuandika maelezo ya mashahidi, hema lilikuwa bado halijakunjwa.

"Hawa wote ni marehemu, sivyo?" alisema polepole. "Kila mara limekataa hapa nyumbani, mtaa ulikuwa na matanga."

Mwalimu alifumba macho.

"Ulikwisha kulipata jibu, Mwalimu. Ukalifuta. Ulilipata lini?"

"Alhamisi," alisema. "Siku ya pili."

"Na Andati alikuwa ndani tayari."

"Alikuwa ndani."

"Jibu ni nini?"

Macho ya Mwalimu yalipofunguka hayakumtazama Kageha. Yalitazama upande wa jikoni, kule moshi ulikopanda nyuma ya nyumba, yakarudi haraka.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na meko matatu makubwa na akina mama kumi. Aliyewaongoza alikuwa Awinja, jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye mikono ya kunyanyua magunia. Hakuna matanga yaliyopikiwa pale kijijini bila yeye. Maelezo yake yalikuwa ya kwanza kwenye faili, kurasa tatu, na ndani yake aliapa alimsikia Wesley akimwambia Mwalimu kwamba atajuta. Sasa alikuwa anasonga obusuma, ugali wa kwao, kwa mwiko wenye urefu wa jembe.

Kageha alichuchumaa mbele ya moto. Mafiga tisa. Manane yalikuwa mawe ya kawaida. La tisa lilikuwa pana, bapa upande mmoja, na upande huo, chini ya masizi, ulikuwa na mistari ya raba iliyosuguliwa na gurudumu.

"Mama, hili jiwe ni la nani?"

"Si la mtu. Ni la kupikia."

"Lilitoka wapi?"

"Kwa Were. Tulikuwa kule Jumanne ile, siku ya wafiwa kunyolewa. Hata hatukuwa tumemaliza, tukasikia nduru huku." Alipangusa uso kwa leso. "Tukahamisha mawe yote, tukaanza matanga mengine."

"Na kabla ya kwa Were?"

"Hapo tu kwa gari ya Mwalimu." Mwiko uliendelea kuzunguka. "Hili ni jiwe mzuri. Yale ya mtoni yanapasukanga kwa moto, yatakutoa jicho. Hili halipasukangi. Kila matanga nachukua, watu wakinyolewa narudisha. Huwezi kuvunja mafiga kabla watu hawajanyolewa, hata kwenu najua ni hivyo."

Hata kwao ilikuwa hivyo. Maziko Jumamosi, kunyolewa Jumanne, na siku zote hizo tatu gari la Mwalimu lilikuwa limening'inia kwenye gia.

"Kwa nini unauliza jiwe, mwanangu?"

Kageha alikuwa ametoa habari za vifo kwenye milango mingi. Hii ilimshinda kuanza. Alisema kwa sentensi fupi, bila maneno ya fundi. Gari halina hendibreki. Bila jiwe linaegemea gia. Likiegemea gia haliwaki. Jumanne ile jiwe halikuwepo.

Mwiko ulisimama.

"Hapana," Awinja alisema. "Ni fundi alichezea waya. Nyinyi wenyewe mlisema waya."

"Nilisema mimi. Nilikosea."

"Mliandika."

"Niliandika mimi, mama. Nilikosea."

Akina mama wengine walikuwa wameacha kazi. Awinja aliachia mwiko ukabaki umesimama ndani ya obusuma. Aliketi chini kwenye majivu na leso yake nzuri, na hakuna aliyemzuia.

"Nilienda na vijana kwa hiyo gereji," alisema. "Bibi yake alikuwa mlangoni na mtoto. Mimi ndiye nilirusha jiwe la kwanza."

Obusuma ilianza kuungua. Mama mmoja alikuja kimya, akaondoa kuni.

"Mama Awinja, ni nani alikupa ruhusa ya kulichukua?"

Awinja aliinua uso. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini Kageha aliona ndani yake kitu kingine, kama mtu anayefunga mlango.

"Hakuna mtu. Nilichukua tu. Sikuuliza."

Na yeye alijibu haraka mno.

Kabla Kageha hajasema lolote, Awinja aliinuka, akapita kando ya nyumba akiwa na majivu kwenye leso, akaenda moja kwa moja hemani na kumpokonya mshereheshaji kipaza sauti. Hakujua kukishika. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, ikaruka hadi barabarani.

"Watu wetu, mnisikie. Fundi Andati hana makosa. Gari ilikataa kwa sababu jiwe lake lilitolewa, na lilitolewa na mimi. Nililichukua nikapikie watu wa Were. Nililichukua bila kuuliza mtu. Kama ni kuua Pascalia, ni mimi."

Watu waliokuwa wamesimama walibaki wamesimama. Kageha alisimama kando ya nguzo ya hema. Alikuwa amepata alichokuja kukitafuta, na hakikumpa raha yoyote.

Ndipo Mwalimu Osundwa aliposhuka kibarazani. Alitembea bila fimbo, akakataa mkono wa kila aliyetaka kumshika, akafika alipokuwa Awinja.

"Awinja, keti," alisema. "Hilo jibu si sahihi."

"Mwalimu, niache."

"Keti, dada yangu."

Aliketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Mwalimu alikishika kipaza sauti kwa umbali, kama alivyozoea kusema na darasa lisilo na kipaza sauti.

"Huyu mama hakuiba kitu. Kila mara alikuja akabisha, akaomba, na kila mara alipewa. Mke wangu ndiye alimpa. Nilimwambia Pascalia, jiwe hilo ni la gari, akaniambia, Mwalimu, wewe huendi mahali wiki hii, na watu wa Were watakula kwa nini? Hakujua gari linalihitaji ili liwake. Hata mimi sikujua. Niliona tu jiwe halipo, nikaona uvivu kutafuta lingine."

Hakuna aliyethubutu kumwambia pole.

"Niliketi na tarehe zangu Alhamisi, nikajua. Nikafuta. Sikutaka mkae hapa kwangu mkila, mkisema Pascalia alijimaliza kwa mkono wake mwenyewe. Niliona heri iwe ni Andati. Na yule nilikuwa na hasira naye, ikawa rahisi. Siku nane nimeacha mtu akae ndani, na jibu ninalo mfukoni. Nimefundisha wengi wenu. Sikuwafundisha hivyo."

Mshereheshaji alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, akaurudisha.

"Kesho mke wangu anazikwa," Mwalimu alisema. "Nataka Andati awe miongoni mwa watakaolibeba jeneza. Akikubali. Na asipokubali, mtu yeyote asimguse yeye wala gereji yake, maana akiguswa nitakwenda kukaa mlangoni pake mimi mwenyewe."

Alirudisha kipaza sauti. Alipogeuka, Awinja alikuwa amelia mpaka amekauka. Mwalimu alimpa mkono, naye akaushika, wakabaki hivyo bila kutazamana.

Kageha alimwendesha Maina mbio mpaka kituoni Kakamega, au tuseme alimharakisha kwa maneno njia nzima. Saa kumi na nusu alikuwa ofisini mwa Inspekta Kiprono. Alieleza yote akiwa wima, akaiweka ripoti yake ya zamani mezani, akaandika chini ya yale maneno manne kwamba si kweli, akatia sahihi. Inspekta alisema mengi. Alisema kuhusu hakimu, kuhusu magazeti, na kuhusu sajenti ambaye hawezi kuutofautisha waya uliochezewa na waya uliofungwa tepu. Kageha aliyapokea yote. Hakuona hata moja lililokuwa la uongo. Mwishowe Inspekta alitia sahihi ya kumwachilia.

Aliufungua mlango wa seli mwenyewe. Wesley alikuwa amekaa pale pale.

"Ilikuwa swichi," Kageha alisema. "Jiwe lilikuwa limetolewa. Mwalimu amesema mbele ya watu wote kwamba huna kosa. Na mimi nimeandika hivyo." Akavua kofia. "Nilikufungia bure, Andati. Nisamehe."

Wesley alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Hakuinuka.

"Swichi ya gia," alisema.

"Ndiyo."

"Ile inatolewa kwa boliti mbili. Unaisafisha na petroli na brashi ya meno, unarudisha." Alikuwa anaitazama mikono yake. "Nililala chini ya hiyo gari mchana mzima. Ilikuwa hapa." Aliinua kiganja mbele ya uso wake. "Hapa. Nilikuwa naiona. Dakika kumi, afande. Ningefanya hata bila kumwambia."

Mlango ulikuwa wazi kati yao.

"Mwalimu anaomba ubebe jeneza kesho," Kageha alisema.

"Anajua ilikuwa dakika kumi?"

"Hajui. Hakuna mtu anajua isipokuwa wewe na mimi. Si lazima ajue."

Wesley aliweka mkono ukutani, akainuka, akatoka nje ya seli akiwa amevaa kiatu chake kimoja.

"Usimwambie," alisema. "Nitamwambia mimi."